Turbo kwenye Milima ya Kusini: Rejeta, Feni, Kifuniko au Intakula, Kipi Kianze?

Subaru Impreza WRX au STI yenye injini ya EJ20, Forester ya turbo, Toyota Chaser au Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE: magari haya yakishaongezwa nguvu, swali linalofika gereji za Mwanjelwa (Mbeya) na Ipogolo (Iringa) ni lilelile. Linachemsha, ninunue nini? Wengi hujibiwa wanunue rejeta kubwa ya aluminiamu. Kwa barabara za huku jibu hilo huja mapema mno. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare hupata hewa bila kuiomba. Linalopanda mlima Kitonga, njia ya Iringa, nyuma ya semi treila kwa kilomita 15 kwa saa lina mzigo mkubwa, muda mrefu, na hewa haiji yenyewe. Hapo kinachoamua ni feni, kava lake, kifuniko cha rejeta na mchanganyiko wa maji. Ukubwa wa rejeta huja nyuma ya hivyo.

Kwa hiyo tunalinganisha kwa kuangalia mlima unaopandwa. Idadi ya farasi tunaiweka pembeni kidogo.

Soma joto kabla ya kufungua pochi

Mshale wa geji ya dashibodi hautoshi. Kwenye magari mengi ya Japani umetengenezwa usimame katikati hata joto likitembea kutoka nyuzi 80 hadi 100 na kitu. Mshale ukianza kupanda, wewe umechelewa tayari. Tumia kisomaji cha OBD, kile kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari, kama gari linakikubali. Kwa Impreza za zamani zisizokubali visomaji vya bei rahisi, funga geji ya pembeni yenye sensa yake kwenye hosi ya juu ya rejeta.

Kwa injini za Subaru za familia ya EJ zenye thamostati (mlango unaofungulia maji kwenda rejeta) ya kiwandani, nyuzi 85 hadi 95 ni kawaida, na feni huanza karibu na 95. Ikifika 105, punguza mguu. Ikipita 110, tafuta mahali salama usimame.

Halafu angalia joto linapanda wakati gani, maana hapo ndipo pesa yako itaelekezwa:

Likipanda kwenye mwendo mdogo na foleni, kisha likashuka ukipata barabara wazi, tatizo ni hewa: feni, rilei, kava la feni, au matundu yanayoipitisha hewa pembeni ya rejeta.

Likipanda kwenye mwendo mkubwa wa muda mrefu, mathalani Makambako hadi Mafinga kwa kasi, tatizo ni uwezo wa rejeta yenyewe, mirija iliyoziba, au wota pampu iliyochoka.

Likipanda tu unapokanyaga hadi turbo ijae, kisha hosi ya juu ikawa ngumu kama ubao na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) ikatupwa kwenye chupa ya akiba, shuku gasketi ya hedi. Hapa hakuna rejeta itakayokusaidia. Fanya kipimo cha gesi ya moshi kwenye tangi la kulanti: dawa ya bluu ikigeuka njano, gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Pima pia kwa pampu ya presha injini ikiwa baridi. Ipandishe hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, iache dakika 10, uone kama inashuka.

Fundi anayekuuzia rejeta bila kupima haya matatu anabahatisha kwa fedha yako.

Mwinuko unafanya nini hasa

Watu husema Mbeya kuna baridi, gari haliwezi kuchemsha. Ni nusu ya ukweli. Mbeya mjini iko karibu na mita 1,700. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba hewa pungufu. Upande wa pili, hewa hiyo ni ya baridi zaidi kwa nyuzi 10 au zaidi, na hilo hurudisha karibu yote iliyopotea. Kwa rejeta peke yake, ngoma droo.

Turbo ndiyo inayoumia. Chukua turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 na kompyuta inayolenga presha ileile ya jumla kwenye manifoldi, yaani ile ya bar 1 juu ya hewa ya pwani. Pwani inalazimika kuzidisha presha ya hewa mara 2. Mbeya inalazimika kuizidisha karibu mara 2.4. Ukipiga hesabu, hewa inayotoka kwenye turbo pwani siku ya nyuzi 30 ina nyuzi 125 hivi. Mbeya siku ya nyuzi 18 ina karibu 139. Baridi ya nje haikukusaidia kitu. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi, moshi unasongwa zaidi, na intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, inapokea mzigo mkubwa zaidi. Hii ndiyo sababu programu ya injini iliyotengenezewa pwani au Japani huanza kugonga, yaani petroli hulipuka yenyewe ndani ya silinda, ikipandishwa Isyonje, juu ya Tukuyu.

Kifuniko: 0.9, 1.1 au 1.3

Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye ukurasa huu na ndicho kinachosahaulika. Namba iliyochapwa juu yake ni presha, kwa bar hivi, ambayo mfumo hushika kabla ya kuachia. Presha ikiwa juu, maji huchemka kwenye joto la juu zaidi. Huku milimani hewa ya nje inasukuma kidogo, hivyo kifuniko kilekile hakikupi ulinzi uleule. Kwa maji matupu hali iko hivi, kwa nyuzi:

| Kifuniko | Pwani | Mbeya mjini (m 1,700) | Kitulo (m 2,600) |
|---|---|---|---|
| Bila presha | 100 | 94 | 91 |
| 0.9 | 119 | 115 | 114 |
| 1.1 | 122 | 119 | 117 |
| 1.3 | 125 | 122 | 120 |

Tazama mstari wa mwisho. Kifuniko cha 1.3 Mbeya kinakupa kile ambacho 1.1 hukupa pwani. Si anasa ya vijana wa mashindano, ni kurudisha ulichopokonywa na mwinuko. Tazama pia mstari wa kwanza: kifuniko chenye mpira uliokatika kinaacha maji yachemke kwenye 94, kabla hata feni haijaamka.

Je, uweke 1.3 kwenye kila gari? Hapana. Kama rejeta ni ile ya zamani yenye matangi ya plastiki yaliyogeuka rangi ya kahawia, presha ya ziada itafungua mshono wa plastiki na aluminiamu, na utakuwa umebadili tatizo dogo kwa kubwa. Hapo weka 1.1 mpya ya kiwandani. Weka 1.3 pale ambapo rejeta ni ya chuma kitupu, hosi ni mpya na klempu ni nzima.

Kuna mtego kwenye Subaru za turbo. Zina vifuniko viwili: kimoja kwenye rejeta, kingine kwenye tangi dogo lililo juu, karibu na turbo. Kinachotakiwa kuachia presha ni cha tangi la juu. Cha rejeta huwa na nguvu zaidi ili kibaki kimefunga. Fundi akivibadilishana wakati wa kusafisha, rejeta huanza kuachia kwanza, hewa hukusanyika juu, na turbo hukaa kwenye mvuke badala ya maji. Kabla ya kununua chochote, hakikisha kila kimoja kiko mahali pake.

Maji, kulanti nusu kwa nusu, au thelathini kwa sabini

Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wowote. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba pungufu kwa takriban asilimia 12 kwa kila lita, ingawa hupandisha nyuzi za kuchemka kwa 6 hivi. Kwa hiyo mtu wa Dar anayekimbiza gari lake anaweza kutetea maji na dawa ya kuzuia kutu. Mtu wa Njombe, Makete au Kitulo hawezi. Sakitu hushuka huko mwezi wa Juni na Julai, na maji matupu yakiganda ndani ya bloku hupasua vizibo au bloku yenyewe.

Nusu kwa nusu inakulinda hadi nyuzi 35 chini ya sifuri. Hakuna mahali Tanzania ambapo gari litahitaji hilo, labda ulipandishe Kibo. Chaguo letu kwa nyanda hizi ni asilimia 30 ya kulanti nzito na 70 ya maji safi yasiyo na madini. Inalinda hadi karibu 15 chini ya sifuri, inazuia kutu, na inabeba joto vizuri kuliko nusu kwa nusu. EJ20 ya turbo huchukua lita 7 na nusu hivi. Hiyo ni lita 2 na robo za kulanti nzito na lita 5 na robo za maji. Kama dumu limeandikwa kuwa limeshachanganywa, usiongeze maji. Utabaki na maji yenye rangi tu.

Maji ya bomba na ya kisima yanaacha magamba kwenye mirija, na mirija ya rejeta za aluminiamu ni myembamba. Dukani ukiomba maji ya betri, soma lebo mara mbili. Kuna maji yaliyosafishwa na kuna asidi ya betri, na chupa zake hukaa rafu moja. Rangi ya kulanti nayo haikuambii kilichomo, kila kiwanda hupaka yake. Kwa injini za Kijapani tafuta iliyoandikwa haina silikati, yenye fosfati. Usichanganye aina mbili bila kusuuza mfumo.

Rejeta: ya kiwandani, ya shaba, au ya aluminiamu nene

Rejeta ya kiwandani ikiwa safi inatosha kwa gari lenye nguvu za farasi 280 hadi 300 linalotembea barabarani. Ikiwa safi, tunasema. Chukua kipima joto cha mwanga, pitisha kwenye uso wake injini ikiwa na joto. Ukikuta mabaka ya baridi katikati, mirija imeziba. Angalia pia nyuma ya kondensa ya AC. Vumbi jekundu, mbegu za nyasi na wadudu hujaa kati ya kondensa na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki bila kuvitenganisha.

Rejeta ya shaba iliyosukwa upya ni nzito lakini ina fadhila moja kubwa: popote kati ya Tunduma na Ilula utapata mtu wa kuiziba kwa risasi na tochi. Ya aluminiamu ikipasuka inahitaji kuchomelewa kwa gesi ya agoni, na kazi hiyo si kila mji unayo. Mtu anayepita njia za vumbi peke yake alifikirie hilo kabla ya kushangilia kung'aa kwa aluminiamu.

Aluminiamu huuzwa kwa unene wa milimita 36, 42 na 50. Mnunuzi huchukua 50 kwa kuamini kwamba nene ndiyo bora. Kwenye mwendo mkubwa ni kweli. Kwenye mwendo wa lori, kiini kinene huzuia hewa, na feni nyembamba za dukani hazina msuli wa kuivuta. Matokeo ni gari lililokuwa likichemsha karibu na kilele cha Kitonga sasa kuchemsha katikati. Isitoshe, kwenye EJ milimita 50 husogeza feni hadi zikaribie puli na mkanda. Chukua 36 au 42 zenye mapezi yasiyobanana sana, na feni za kiwandani zikibaki.

Lakini kabla ya yote hayo, rudisha lile kava la plastiki la chini ya bampa. Mara nyingi lilitolewa baada ya kugonga tuta, na halikurudi. Bila hilo, hewa ya joto chini ya injini haivutwi nje inavyotakiwa, na ile iliyopita kwenye rejeta huzunguka mbele na kuvutwa tena. Kisha bandika sponji ya milimita 20 hadi 25 kuzunguka rejeta yote, kati yake na fremu na kati yake na bampa, ili hewa isipate njia ya mkato. Kazi ya saa mbili, sponji na gundi. Tunaiweka juu ya rejeta mpya kwa thamani, na hatutanii.

Feni: hapa ndipo Kitonga inapoamuliwa

Feni za umeme za Subaru za kiwandani zikiwa pamoja na kava lao ni nzuri kuliko sifa zake. Kava linafunika uso wote wa rejeta, kwa hiyo feni mbili huvuta hewa kupitia kila kona. Feni nyembamba za nje zikifungwa moja kwa moja kwenye mapezi kwa vile vishipi vya plastiki huvuta tu kwenye duara lake. Zaidi ya hapo, kiwango cha hewa kilichoandikwa kwenye boksi lake hupimwa bila kizuizi chochote mbele. Weka rejeta, kondensa na intakula mbele yake uone kinachobaki.

Ulinganisho wetu ni huu. Mota za kiwandani zikiwa na afya, bakiza. Zikiwa zimechoka, nunua mota nyingine za kiwandani. Ukilazimika kuweka za nje, zipe kava la bati lenye umbali wa milimita 15 hadi 25 kutoka kwenye mapezi, ili zivute uso wote. Umeme wake: rilei ya ampea 40, fyuzi ya 30, waya wa milimita za mraba 4, kila feni na rilei yake. Waya mwembamba hupunguza volti, mota huzunguka kivivu, na plagi huyeyuka usiku ukiwa mbali na mji. Kuwasha kwake kuwe kwa sensa: ya kwanza nyuzi 92, ya pili 97. Swichi ya mkono iwe ya dharura tu. Dereva husahau, sensa haisahau.

Kipimo cha haraka: washa AC. Feni zote mbili lazima zizunguke. Moja ikigoma, badilishanisha rilei kabla ya kuilaumu mota.

Kwa wenye 1JZ-GTE ya Chaser na Mark II JZX100 hali ni tofauti. Feni yake inaendeshwa na injini kupitia klachi ya silikoni. Mtindo ni kuitoa na kuweka za umeme ili kupata nguvu kidogo. Kwa pwani na mashindano ya kunyooka, sawa. Kwa mtu anayepanda milima, ni hasara. Kwenye gia ya 2 au ya 3 kwa mizunguko 3,000, feni ya klachi yenye afya huvuta hewa ambayo feni za umeme za kawaida hazitaifikia, na haitegemei fyuzi. Ipime injini ikiwa imezimwa na ikiwa ya moto, ukiwa umetoa funguo: izungushe kwa mkono. Ikizunguka huru raundi kadhaa, silikoni imekwisha au imevuja, klachi ibadilishwe. Ikikupa ukinzani, iache ifanye kazi yake.

Thamostati

Hapa hatuna mengi. Ya kiwandani ya EJ huanza kufunguka nyuzi 78. Ya baridi, za 68 hadi 71, hukuchelewesha tu kufika kwenye joto. Ikishafunguka yote haina mchango tena. Asubuhi ya Makambako mwezi wa Juni injini haitapasha vizuri, kompyuta itaendelea kumimina petroli, na oili itachafuka. Bakiza 78, tena ya kiwandani, maana za nje nyingi zina mlango mdogo. Kuitoa kabisa ni kosa kubwa zaidi: kwenye injini hii thamostati pia hufunga njia ya mkato ya maji, na ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita rejeta.

Intakula: ya juu au ya mbele

Chaguo hili ndilo lenye mvutano wa kweli, kwa sababu kila moja inaponya kidonda na kufungua kingine.

Ya juu ya injini, chini ya tundu la boneti, haizuii rejeta hata kidogo. Mabomba ni mafupi, programu ya injini haihitaji kuguswa sana. Udhaifu wake ni mwendo mdogo. Nyuma ya lori hakuna hewa inayoingia tunduni, na joto la turbo na bloku linapanda juu na kuipasha. Ukiona nafasi ya kupita ukakanyaga, hewa inayoingia ni ya moto na injini inagonga papo hapo.

Ya mbele hupata hewa baridi na ina uzito wa kumeza joto la mpigo mmoja mrefu. Lakini inakaa mbele ya kondensa na rejeta na kufunika karibu nusu yake. Joto lote inalotoa linaingia kwenye rejeta. Ya mtindo wa sahani yenye unene wa milimita 76 ndiyo inayoziba zaidi. Gari ambalo halikuwahi kuchemsha huanza kuchemsha wiki ileile iliyofungwa, na mwenye gari hulaumu wota pampu.

Tunavyoona: chini ya farasi 300 hivi, baki na ya juu. Tafuta ile kubwa ya STI, rudisha sponji inayounganisha tundu la boneti na intakula (nyingi zimeoza), na kama gari lako lilikuja na mfumo wa kunyunyizia maji intakula, ufufue. Weka maji safi yasiyo na madini. Juu ya 300, nenda mbele, lakini chagua ya milimita 63 yenye mapezi ya wazi, acha nafasi ya milimita 30 hadi 50 kati yake na kondensa, ziba pembeni kwa bati ili hewa inayoingia kwenye bampa isikimbie, na hapo ndipo rejeta ya milimita 42 inapopata sababu ya kuwepo. Programu lazima itengenezwe upya. Mwenye 1JZ ana nafuu: rejeta yake ina feni ya klachi nyuma, hivyo intakula ya mbele humuumiza kidogo.

Kipoza oili

EJ nyingi za turbo kutoka Japani zina kipoza kidogo cha maji juu ya chujio la oili. Kinapasha oili haraka asubuhi, jambo zuri kwa Mafinga na Njombe, lakini kinaimwagia kulanti joto la oili wakati wa kupanda. Kipoza cha hewa cha mistari 13 hadi 19 huliondoa joto hilo kabisa. Faida ni kubwa kwa anayepanda akikanyaga muda mrefu, oili ikizidi nyuzi 120. Kwa anayetembea kawaida ni vifundo vya ziada vya kuvuja.

Ukifunga, sahani ya chujio iwe na thamostati yake inayofunguka kati ya nyuzi 80 na 85, vinginevyo oili haitapasha kamwe huku juu. Kiweke pembeni ya bampa chenye njia yake ya hewa, kisisimame mbele ya rejeta. Hosi zifungwe mbali na turbo na mahali ambapo jiwe la barabara ya Matamba halitazifikia.

Programu ya injini na petroli

Injini inayogonga hutoa joto ambalo hakuna rejeta italimaliza. Kompyuta za STI za Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani 100 ya kule. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Injini ikianza kugonga, kompyuta huchelewesha moto wa plagi, mwako unamalizikia kwenye egzosi, turbo na hedi zinapata moto zaidi. Kwenye EJ, silinda namba 4 ndiyo yenye sifa mbaya ya kuumia kwanza. Mwenye kuandika programu aipime kwenye mlima, gia ya 3 na ya 4, uwiano wa hewa na petroli kwenye presha kamili ukiwa 11.0 hadi 11.5 kwa 1. Kupunguza presha ya turbo kwa bar 0.2 huku juu hakuonekani sana kitini, lakini joto hulipunguza waziwazi.

Kwa njia yako

Unayezunguka Mbeya mjini, Uyole hadi Mbalizi, foleni na tuta: kifuniko kipya, sponji, kava la chini, feni nzima. Simama hapo. Rejeta ya aluminiamu kwako ni pambo.

Unayekwenda Iringa na Dar mara kwa mara una mambo mawili: joto la bonde la Ruaha Mbuyuni, linaloweza kufika nyuzi 35 mchana, na Kitonga papo hapo baada yake. Ongeza rejeta ya milimita 36 au 42, kifuniko cha 1.3, mchanganyiko wa 30 kwa 70. Intakula ya juu ibaki kama nguvu zinaruhusu. Kama ratiba ni yako, panda kabla jua halijakaza.

Unayetoka Kyela kupitia Tukuyu hadi Isyonje unapanda zaidi ya mita 1,500 kwa mkupuo, ukianza na joto zito la ziwani. Huo ni mzigo mrefu kuliko Kitonga, wenye mwendo wa kati. Kwako kipoza oili cha hewa kina maana, na programu ya injini ina maana zaidi ya vyote. Chimala kwenda Matamba, zile kona 57, ni gia ya 1 na ya 2 kwenye vumbi: feni, feni, na kuosha mapezi kila unaporudi. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Presha kubwa hulaza mapezi.

Ukishafunga, toa hewa

Chochote utakachochagua, kikifungwa na hewa ikabaki ndani ni kazi bure, na injini ya boksa kama EJ, yenye pistoni zilizolala ubavu, hushikilia hewa kwa ubishi. Egesha gari pua ikiwa juu; hapa miteremko haijawahi kuwa tatizo. Hita iwe kwenye moto kabisa. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo kona ya juu ya rejeta. Mimina polepole kupitia tangi la juu, lita moja kwa dakika mbili hivi, huku mwenzako akiminya hosi ya juu na ya chini. Kulanti isiyo na mapovu ikitoka kwenye skrubu, ifunge. Jaza rejeta, ifunge kwa kifuniko chake. Jaza tangi, lifunge kwa chake. Washa, shika mizunguko 2,000 hadi 2,500 mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili, na hita itoe joto lisilokatika. Zima, acha ipoe kabisa, hata usiku kucha, kisha fungua tangi la juu uongeze kilichopungua. Kesho yake rudia kukagua kabla ya kuwasha. Ikishuka tena zaidi ya nusu lita siku ya tatu, rudi kwenye kile kipimo cha dawa ya bluu.